Guta linavuta kushoto, ugonjwa uko kulia

Kuna kaka mmoja wa Buhongwa, Mwanza, kaniandikia, swali lake refu nalifupisha. Ana guta la cc 200, ile pikipiki ya mizigo ya miguu mitatu, anabeba magunia ya dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba kuleta Nyegezi, Buhongwa mpaka Usagara. Kama miezi miwili nyuma akiwa na mzigo karibu na Mkuyuni akakuta jiwe lile ambalo madereva wa malori wakiharibikiwa wanaweka kwenye tairi alafu wakipona wanaondoka wanaliacha hapohapo barabarani. Akalikwepa kwa mbele, ila tairi la nyuma la kulia likalipanda. Tangu siku hiyo guta linavuta kushoto, jioni mabega yanamuuma kwa kushindana na usukani, tairi la nyuma kushoto limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, na akifika spidi 40 usukani unaanza kutetemeka. Fundi wa kwanza kambadilishia shokapu za mbele zote mbili, hela imeenda na ugonjwa umebaki. Fundi wa pili anataka kuipasha shingo, lile bomba la fremu linaloshika usukani, moto kwa gesi aivutie kulia. Anauliza: "Fundi shikamoo, nimwache aipashe au nifanyeje, na hivi guta nalo linapigwaga alaimenti kama gari?"

Marahaba kaka. La gesi nalijibu kwanza kabla hujachelewa, usimruhusu. Bomba la shingo na uma wake unaoshika tairi la mbele ndo vinabeba uhai wako wewe na wa watu wa barabarani, ukishalipasha mpaka likawa jekundu ugumu wa chuma unaondoka hapo ulipopashwa, litaonekana limenyooka siku hiyo alafu siku ya shimo la kwanza lenye mzigo linakunja palepale. Nakwambia kama mtu aliyefanya, miaka ya mwanzo nilipasha moja nikajisifu kabisa, wiki haikuisha likarudi limepinda zaidi ya lilivyokuja na mwenyewe kashaumia goti. Toka hapo mimi na gesi kwenye shingo tumeachana.

Alafu hata kama gesi ingekuwa salama, bado angekuwa anatibu mguu wakati anayeumwa ni jino. Ukisoma maelezo yako mwenyewe, jiwe ulilipanda kwa tairi la nyuma kulia. La mbele halikugusa kitu. Sasa shingo imepindaje?

Tuje kwenye alaimenti. Gari lina matairi mawili mbele, na kazi kubwa ya alaimenti ya gari ni kuyafanya hayo mawili yakubaliane, yasitazamane wala yasipeane mgongo. Guta mbele lina tairi moja. Litagombana na nani? Halina mwenzake. Ndo maana ukilipeleka kwenye zile mashine za kompyuta wanakuangalia tu, na wengi wanaondoka wakiamini kwamba kitu cha miguu mitatu hakina alaimenti. Kinayo, tena kali, ila iko nyuma. Kwenye guta yale matairi mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja ngumu, na yanapotazama huko ndo guta zima linataka kwenda, wewe hapo mbele unabembeleza tu.

Wewe uko Mwaloni kila siku, angalia mtumbwi wa injini ukitoka. Anayeongoza amekaa nyuma kabisa kashika injini. Akiusukuma mkia wa mtumbwi uende kulia, pua inaenda wapi? Kushoto. Hakuna mtu amegusa pua. Sasa guta lako ni hivohivo. Jiwe limepiga tairi la nyuma kulia likalirudisha nyuma, tuseme sentimita moja tu, la kushoto likabaki pale lilipo. Ekseli imekaa mshazari. Matairi yote mawili ya nyuma sasa yanatazama kulia kidogo, kwaiyo yanausukuma mkia kulia, na pua inaenda kushoto. Wewe unaona linavuta kushoto unatafuta ubovu kushoto, fundi naye anatafuta ubovu mbele maana usukani uko mbele, na aliyeharibika amejikalia kulia nyuma kimya.

Na sentimita moja sio ndogo. Guta nyingi za aina yako toka tairi la kushoto mpaka la kulia ni kama mita moja, na toka tairi la mbele mpaka ekseli ya nyuma ni kama mita 2.2, pima la kwako usichukue namba zangu. Sentimita moja kwenye mita moja maana yake kila mita unayoenda mbele, nyuma inataka kwenda pembeni sentimita moja. Ukiushika usukani umenyooka kabisa bila kurekebisha, guta litachora duara lenye nusu kipenyo cha mita 220. Sasa wewe hutaki duara, unataka kwenda Buhongwa, kwaiyo unaukunja usukani kulia kidogo mda wote, toka Kirumba mpaka Buhongwa, mabega yataacha kuuma?

Kuna kipimo cha bure kabisa cha kuhakikisha haya kabla hata hujashika spana. Tafuta dimbwi la maji kwenye lami, Mwanza mvua ikinyesha hayakosekani, kama ni kiangazi mwaga ndoo mbili mwenyewe. Pita polepole bila mzigo, ukitoka kwenye maji nyoosha mwendo mita kama 20 kwenye lami kavu, alafu shuka urudi kuangalia michirizi kabla haijakauka. Guta zima linaacha mistari mitatu, wa kati ukiwa katikati kabisa. La kwako, kama ekseli imerudi sentimita moja kulia, mstari wa tairi la mbele utakuwa umesogea kushoto sentimita mbili na kidogo, yaani ukipima toka mstari wa kati kwenda wa kushoto utapata kama 48 na kwenda wa kulia kama 52. Maana linatembea kikaa, pua imetangulia kushoto na mkia uko kulia. Muulize mwenzako anayekufuataga nyuma na pikipiki, atakwambia mbona siku zote nakuona guta lako limekaa upandeupande.

Ila kabla ya yote, na hapa najua utaniona nakuchelewesha, pima upepo. Tairi la kushoto likiwa na upepo mdogo kuliko la kulia guta litavuta kushoto na mambo yote haya yatafanana. Jaza sawasawa pande zote mbili kwa kipimo cha kitabu cha guta, usizidishe kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi maana hicho ndo mwisho wake, na upime kwa geji, sio kwa kupiga teke. Alafu endesha kilomita mbili hivi bila kukandamiza breki sana, simama, dondoshea matone ya maji kwenye dramu moja moja. Ya upande mmoja maji yakiguna yakakauka na ya upande wa pili yakatiririka tu, breki ya huko kwenye moto imekaza, hiyo nayo inavuta. Na ukumbuke barabara zetu zimeinama kushoto ili maji yaende mtaroni, sisi tunaendesha kushoto, kwaiyo guta lolote hata jipya linataka kushukia kushoto kidogo. Tafuta sehemu tambarare usiku barabara ikiwa tupu, au uwanja, ujaribu hapo. Ukijaribu kwenye mteremko wa mtaro utalaumu chuma bure.

Haya, upepo sawa, breki sawa, bado linavuta. Sasa tunapima chuma.

Vifaa vyako ni hivi: uzi wa nyavu ule wa nailoni, mita kama kumi, tepu ya kupimia, chaki, na chubwi tatu, yaani vizito vya kuning'iniza kwenye uzi. Huna chubwi chukua nati kubwa, ila kwa mtu anayeshinda Mwaloni kukosa risasi ya nyavu itakuwa uvivu. Shusha mzigo wote, weka guta kwenye sakafu iliyonyooka, yadi ya saruji ni nzuri, ardhi ya kokoto hapana. Usukani nyooka. Sukuma guta mbele na nyuma mara mbili tatu kwa mkono ili springi zikae zenyewe, usilipandishe jeki.

Tundika uzi wenye chubwi katikati ya shingo, kwenye fremu yenyewe na sio kwenye uma maana uma unazunguka, chubwi ikitulia ikawa inakaribia kugusa sakafu weka alama ya chaki chini yake. Hiyo ndo pointi ya mbele. Nenda nyuma, tundika chubwi katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya kushoto, weka alama, fanya hivo kulia. Sasa una pointi tatu chini, ondoa guta kabisa pembeni ubaki na pembetatu ya chaki sakafuni. Pima toka pointi ya mbele kwenda kushoto, na toka pointi ya mbele kwenda kulia. Zinatakiwa ziwe sawa. Tofauti ya milimita 2 mimi naachaga, hata kiwandani hazitoki sawa kihivyo. Milimita 5 dereva anaanza kulalamika. La kwako kwa maelezo yako nategemea kulia kuwa kurefu, na kama nimekosea na kushoto ndo kurefu basi tupa hayo niliyosema juu ya jiwe tuanze upya.

Kwanini inarudi nyuma? Ingia chini uangalie. Ekseli ya guta imelalia springi za bapa, zile pleti zilizopangwa moja juu ya nyingine, imekazwa na yu-bolti mbili kila upande, zile bolti zilizokunjwa kama herufi U. Watu wanadhani yu-bolti peke yake ndo zinazuia ekseli isiteleze, hapana, zenyewe zinashika kwa kubana tu, zikilegea hazishiki. Anayeweka ekseli mahali pake ni senta bolti, kabolti kamoja kanakopita katikati ya pleti zote, kichwa chake kinaingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Sasa mwenye guta akishaongeza pleti, na najua umeongeza maana wote wa dagaa mnaongeza, yu-bolti zinalegea polepole pleti zinavyokaa, hakuna anayezirudia kukaza, siku inapokuja ile nguvu ya jiwe inabebwa yote na hako kabolti kamoja. Kanakatika. Ekseli inarudi nyuma sentimita moja au moja na nusu, yu-bolti zinaikamata hapo, na maisha yanaendelea. Kwa nje huoni kitu. Dalili yake ni ukishika tochi ukaona kwenye pleti ya springi karibu na kikalio kuna sehemu imesuguka inang'aa mahali ambapo pangine pote pana kutu na vumbi, hapo ndo ekseli ilipokuwa imekaa zamani. Nikiona hako kamng'ao mimi hata tepu naweka chini, naagiza senta bolti.

Sababu nyingine zipo, bushi ya jicho la mbele la springi ikiisha pin inacheza kwenye tundu na upande huo unarudi nyuma kila ukikanyaga breki, au kile kikono cha fremu kinachoshika springi kimepinda. Shika nondo ya nguvu, chokonoa hapo jichoni, ikicheza utaiona. Ila nakuwekea dau kwenye senta bolti.

Matengenezo yake ni ya nusu siku. Inua fremu uweke magogo chini ya chesisi, ekseli ining'inie na matairi yake, legeza yu-bolti za kulia, toa senta bolti iliyokatika (nusu ya juu na nusu ya chini, hakikisha umezitoa zote mbili). Weka mpya, na usiweke bolti yoyote iliyolala kwenye kopo, chukua yenye namba 8.8 kichwani, hiyo ni alama ya uimara wake, bei yake haifiki hela ya sato wa kukaanga. Kichwa kiingie kabisa kwenye tundu la kikalio, na kama tundu limepanuka likawa yai basi lijazwe kwa kuchomelewa alafu litobolewe upya kwa drili katikati kamili, usimruhusu mtu akwambie atachomelea ekseli kwenye springi moja kwa moja "isiondoke tena". Springi ikichomelewa inakatika palepale pa kuchomelea, chuma chake hakitaki moto. Kaza yu-bolti kwa zamu, kidogo huku kidogo kule kwa msalaba. Ukimaliza rudia pembetatu ya chaki. Ukitembea kilomita kama 100 kaza yu-bolti tena, hiyo usisahau maana ndo ilikuponza.

Sasa tairi. Hapa naomba utulie maana watu wanachanganya. Ekseli kukaa mshazari peke yake hakuli tairi sana. Linatembea kikaa lakini matairi yote matatu yanatazama upande mmoja, yanabingirika tu, hayaburuzwi. Kwaiyo tairi lako la kushoto kulika upande wa ndani ni ugonjwa wa pili, umeingia kwa mlango mwingine, na sidhani kama ni wa siku ya jiwe. Huo ni wa mzigo.

Angalia nguvu zinavyoenda. Mzigo unakaa juu ya springi, springi ziko ndani, matairi yako nje. Kila ukizidisha, ekseli inapigwa chini katikati na kusukumwa juu huku mwishoni. Siku nyingi zikipita bomba la ekseli linabonyea katikati kama kitanda cha kamba. Simama nyuma ya guta lako lisilo na mzigo uchuchumae, utaona matairi juu yamekaribiana na chini yametanuka, kama mtu aliyebebeshwa gunia zito akapanua miguu asianguke. Tairi likikaa hivo linakanyaga kwa ukingo wa ndani. Kushoto kumeisha mapema kwasababu ya ile barabara kuinama, upande wa kushoto unabeba zaidi siku zote. La kulia nalo nenda kaliguse kwa kiganja upande wa ndani, nadhani limeshaanza.

Kupima: chubwi yako ileile, tundika uzi upande wa nje wa rimu upite katikati ya gurudumu, pima toka uzi mpaka ukingo wa juu wa rimu na toka uzi mpaka ukingo wa chini. Rimu ya inchi 12 ni kama sentimita 30, ukipata tofauti ya milimita 5 tairi limelala karibu digrii moja. Chini ya milimita 2 achana nayo. Zungusha gurudumu nusu upime tena, maana inawezekana rimu ndo imepinda na ekseli haina kosa. Kama tofauti imegeuka upande basi rimu, kama imebaki vilevile basi ekseli.

Na kingine cha kupima, kama hayo mawili ya nyuma yanatazamana. Weka alama ya chaki ukingo wa ndani wa kila rimu upande wa mbele, chini kidogo ya usawa wa ekseli ili tepu isigonge shafti, pima toka alama mpaka alama. Sukuma guta mpaka alama zilezile zifike upande wa nyuma kwa kimo kilekile, pima tena. Kwa kutumia alama zilezile hata kama rimu ina kasoro haitakudanganya. Zikitofautiana milimita 8 kwa jumla ni milimita 4 kila tairi, kwenye rimu ya sentimita 30 hiyo ni zaidi ya asilimia moja. Asilimia moja ukiisikia inaonekana sio kitu. Ukitembea kilomita 100 kwa siku, tairi limeburuzwa kilomita nzima kwa ubavu juu ya lami. Hapo ndo matairi yanaishia miezi miwili na mtu analaumu tairi la Kichina.

Ekseli iliyobonyea sikushauri uinyooshe kwa gesi pia, ndani kuna makalio ya beringi na mafuta ya difu, ukiipasha unapata beringi zinazoungua kila mwezi. Kama imezidi digrii moja tafuta nyingine, ya mtumba iliyopimwa kwa uzi mbele ya macho yako, au peleka karakana yenye presi ya haidroliki wainyooshe baridi huku wanapima. Kwa sasa kama hela hakuna, hamisha tairi la kushoto kwenda kulia ukiligeuza upande uliolika uwe nje, litakupa wiki kadhaa, ila likiwa limeshaonyesha nyuzi kama ulivyosema usihamishe kitu hapo, toa, litapasukia kwenye mteremko.

Tumalize na usukani kutetemeka, maana huo nao umeunganisha na jiwe na mimi naona una baba yake mwingine.

Tairi la mbele linajinyoosha lenyewe kwa sababu moja. Ukichora mstari kufuata mlalo wa shingo mpaka ardhini, unagusa chini mbele ya pale tairi linapokanyaga. Yaani tairi liko nyuma ya mstari wake, linavutwa kama mtumbwi mdogo uliofungwa kamba nyuma ya boti, boti likikata kona wenyewe unafuata. Huo umbali mimi naitaga mkia. Mkia mrefu, usukani mzito ila unatulia. Mkia mfupi, mwepesi ila unaanza kucheza. Kwenye pikipiki ya miguu miwili mkia unaenda pamoja na kulala kwenye kona, cha miguu mitatu hakilali, kwaiyo hesabu yake ni nyingine. BMW kwenye pikipiki zao za 1955 mpaka 1969 uma wa mbele ulikuwa na matundu mawili ya kufungia, moja la kuendesha peke yako na lingine la ukiwa na kigari cha pembeni, ili mkia upungue usukani uwe mwepesi. Mafundi wale walijua miguu mitatu ni mnyama tofauti.

Sasa wewe umeongeza pleti nyuma. Kama zimeinua nyuma ya guta sentimita 6, guta zima limeinama mbele digrii moja na nusu na kidogo, shingo imesimama zaidi, na kwa tairi la mbele la inchi 12 mkia umepungua kama milimita 8 au 9. Bila mzigo ndo unatetemeka eti? Hukusema, ila nahisi hivo. Na fundi wa kwanza akikuwekea shokapu za mbele fupi kuliko za mwanzo kaongeza palepale, zipime na za zamani kama bado unazo.

Ukiwa na mzigo kuna jambo lingine, nalo lina hesabu rahisi. Magunia ya dagaa mepesi kwa ukubwa wake, kwaiyo unayapanga mpaka yanatokeza nyuma ya bodi. Tuseme mzigo wote kilo 600 na katikati yake imeangukia sentimita 25 nyuma ya ekseli. Mara 600 kwa 25 gawanya kwa 220, zile sentimita za toka tairi la mbele mpaka ekseli, unapata kilo 68. Hizo zinaondolewa kwenye tairi la mbele. Guta moja nililipima tairi la mbele kwenye mizani ya kupimia samaki, watu wanacheka, ikasoma kilo 140 na dereva juu. Toa 68. Umebaki na nusu ya usukani na nusu ya breki ya mbele, upepo wa ziwa ukipiga pale Igogo lazima ucheze. Anza kupanga magunia mazito mbele yaegemee ukuta wa bodi nyuma ya kiti chako, mepesi ndo yamalizie nyuma, na idadi ya pleti za springi irudi ile ya kiwandani au uongeze moja tu.

Alafu beringi za shingo. Mtu asimame ainue tairi la mbele lipae, wewe shika uma chini, sukuma mbele vuta nyuma. Ukisikia klak, zimelegea, kaza. Tairi likiwa hewani zungusha usukani taratibu toka kushoto kwenda kulia, ukihisi kuna mahali katikati kama unanasa kwenye kashimo, beringi zimechimba, hapo hakuna kukaza, badilisha. Kwa miezi miwili ya kuukunja usukani upande mmoja mda wote nisingeshangaa.

Wenye bajaji za abiria wameshaanza kuniuliza humohumo, nawajibu kwa kifupi. Ya kwenu nyuma haina ekseli moja ngumu, kila tairi lina mkono wake unaopanda na kushuka peke yake na bushi zake za mpira. Kwaiyo kwenu tairi moja linaweza kutazama ndani na mwenzake akawa mzima, na karibu kila mara ni bushi za mkono zimeisha. Kipimo cha chaki mbele na nyuma kinafanya kazi vilevile, rimu yenu ni ya inchi 8 kwaiyo tofauti ndogo kwenye tepu ni kubwa kwenye tairi, msizisamehe milimita 3.

Kaka wa Buhongwa, kesho usianze na lolote lingine, mwaga maji kwenye lami upite, alafu chora pembetatu. Niandikie namba mbili tu, ya kulia na ya kushoto, na kama umekaona kale kamng'ao kwenye pleti piga picha uniwekee.